Bila Picha, Hakuna Mukanda

Kile kibao cha bati kilichopigiliwa juu ya mlango wa sale hakikutolewa na kampuni. Nasema hivi kwa sababu siku ya kuniaga, mmoja wenu wapya alikinyooshea kidole akauliza ni ofisi gani iliyokileta, na mwenzake akamjibu kwamba ni sheria ya Wazungu wa zamani. Hapana. Nilikiandika mimi, kwa rangi iliyobaki kwenye kopo baada ya geti kupakwa, na maneno yenyewe ni ya Tata Kalenga, mzee niliyekaa naye sale: Bila picha, hakuna mukanda. Niliona aibu kuondoka bila kuwaeleza yalikotoka, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ninaandika Kiswahili cha shule, kile masista walichotuingizia kwa fimbo. Lakini watu wakisema humu ndani, nitawaacha waseme Kiswahili chetu cha Lubumbashi, maana sikumsikia Tata Kalenga akisema kingine hata siku moja. Na sale, kwa mtu wa nje atakayesoma, ni chumba cha kuongozea mitambo.

Niliingia kazini miaka ya Zaire, wakati shaba ilikuwa ya serikali, chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alikuwa sitwayeni, yaani mwananchi, hata mwenye kukutukana. Baba yangu, mtu wa Kasai aliyekuja na reli akabaki na reli, alifikiri nakwenda kupiga mashine ya kuandika ofisini. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nilikuwa daktilo, napiga bila kutazama vidole, na ndicho nilichoandika kwenye maombi ya kazi. Asubuhi ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mlinzi alivitazama, akatazama njia ya mawe inayokwenda kwenye mitambo, akaniambia, “Mama, Mungu akusaidie.”

Kiwanda chetu, mnakijua, kiko njia ya Kipushi, na kazi yake ni kuponda mawe. Malori yanamwaga mawe ndani ya tremi, lile shimo la chuma lenye mdomo mpana na koo jembamba. Chini ya koo kuna mukanda, ule mshipi mrefu wa mpira unaotembea, na mukanda unapeleka mawe kwenye mataya ya kupondea. Kutoka sale huoni chochote cha hayo. Kwa hiyo kampuni ilikuwa imeleta kamera na vioo vya televisheni, safu mbili ukutani, pamoja na sanduku la kijivu la kugawa picha: kamera ya tremi ikae kioo kipi, ya mukanda kipi, ya mataya kipi. Sanduku lile lilikuwa na vibonyezo mbele yake, lakini mambo yake makubwa lilitaka kuamriwa kwa maandishi, kutoka kwenye kibodi, kupitia waya. Walitafuta mtu asiyekosea herufi. Ndivyo daktilo alivyojikuta mbele ya mashine za mawe.

Ninyi sasa mnagusa kioo kwa kidole na picha inahama. Zamani tulikuwa tunaandika. Namba ya kioo, herufi ya kazi, namba ya kamera, kisha kile kibonyezo cha kumalizia, kwani bila hicho sanduku lingekungoja mpaka jioni likidhani bado unafikiri. Ndani ya waya, nyuzi tatu tu ndizo zilizokuwa na kazi: mmoja wa kusemea, mmoja wa kusikilizia, mmoja wa ardhi. Herufi zilipita moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Kibodi na sanduku vilipaswa kukubaliana mwendo. Visipokubaliana, kioo kinajaa takataka za alama ambazo hakuna daktilo wala padri anayeweza kuzisoma. Na kila amri iliyofika, sanduku lilijibu. Neno fupi tu: sawa, au kosa.

Mimi sikuwa naangalia jibu. Nilikuwa naangalia picha. Tata Kalenga, aliyekaa kiti cha pembeni, kwenye kibonyezo cha mukanda, alinivumilia siku chache.

“Uliisha kutuma?” akaniuliza asubuhi moja.

“Ndiyo, Tata.”

“Alijibu?”

“Sijue. Lakini picha ya tremi iko pale.”

“Picha iko pale tangu asubui. Mi nauliza, alijibu?”

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sikio moja lililokufa. Kabla ya sale alikuwa mtu wa kengele katika mgodi wa chini, yule anayesimama kwenye mdomo wa shimo na kuwaambia wa lifti lini wateremshe na lini wapandishe. Sikio lilibaki huko. Hakulalamika juu yake, ila ukitaka kumsema vibaya ulijua ukae upande gani, na sote tulikuwa tunautumia upande huo.

“Kule,” akaniambia, “unapiga kengele, bale ba chini banakurudishia ile ile. Kama habarudishe, lifti haitembee. Mukubwa anaweza kulalamika, anaweza kuita mama yako majina. Haitembee. Hii mashini yako nayo inarudisha. Sasa juu ya nini hauisikilize?”

Tangu siku hiyo nilisoma kila jibu kwa sauti, na yeye hakugusa mukanda kabla ya kulisikia; nikichelewa, alisema, “Bila picha, hakuna mukanda.” Enjenieri wetu alisema tunafanya sale iwe kama kanisa, mmoja anasoma na mwingine anaitikia. Alisema hivyo kwa kucheka, na hakutuzuia.

Kulikuwa na sababu. Mawe makubwa yalikuwa yanakwama kwenye koo la tremi, na yakikwama, mtu anaingia na nondo na kamba kuyafungua. Mtu huyo kwenye posti yetu, yaani zamu yetu, alikuwa Banza. Mfupi, kifua kama mlango, mwimbaji wa kila kitu. Mimi aliniita Mama Daktilo mpaka nikasahau kama nina jina. Kabla ya kuingia, alipaswa kufika sale na kutundika jetoni yake, kile kipande cha shaba chenye namba, kwenye ubao wa ukutani. Jetoni ikiwa ubaoni, mtu yuko ndani. Akitoka anaichukua. Na zaidi ya jetoni kulikuwa na simu ya kule tremi, na zaidi ya simu kulikuwa na picha. Vitu vitatu. Nilidhani kwamba vitatu ni vingi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa sikukuu ya chama. Mkubwa wa nchi alikuwa ahutubie kutoka Kinshasa, na kamati ya chama ya kiwanda ilipanga jambo ambalo halijawahi kuonekana: wageni kutoka mjini waletwe ndani ya sale yetu, wamwone Mkubwa kwenye kila kioo, na wakati bado anasema, mukanda uanze kutembea, ili waone kazi inavyolisikia neno. Aliyepanga ni sitwayeni Mwepu, mkuu wa kamati, mtu msafi, mwenye abakosti, lile koti la enzi zile lisilovaliwa na tai, isiyo na mkunjo. Sitamsema kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake alikuwa anaigawia wengine.

Siku moja kabla, vijana wa kamati walikuja kupamba. Picha ya Mkubwa ilihitaji mahali pa heshima, na mahali pazuri kuliko pote ukutani palikuwa penye ubao wa jetoni. Wakaufunika kwa pagne la chama, kitenge chenye nembo yake, wakalipigilia misumari pande zote, wakaweka picha juu yake. Jetoni walizikuta zinawasumbua, zinatoa matuta kwenye kitambaa, basi wakazikusanya zote ndani ya ndoo. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Walitaka kitambaa kilale vizuri.

Na mimi niliagizwa niandike amri ya kuweka televisheni ya taifa kwenye vioo vyote, halafu amri ya kufunga, ili mtu asije akagusa kibonyezo kwa bahati mbaya na kumwondoa Mkubwa katikati ya neno. Niliandika. Sanduku likajibu sawa. Vibonyezo vya mbele vikafa. Tangu hapo sanduku lile lilisikia kibodi changu peke yake, na kulifungua kulikuwa na namna moja tu: kila kioo kinarudi kwenye kazi yake ya kila siku, vyote kwa pamoja. Kutoa kimoja na kuacha vingine halikujua. Nilimwambia sitwayeni Mwepu hivyo, na alifurahi sana.

Asubuhi ya sikukuu mukanda ulikuwa umesimama. Banza alipita mlangoni na nondo begani, akasema jiwe limekwama na anakwenda kuliona. Alitafuta ubao wa jetoni, akaona Mkubwa anamtazama. Akacheka, akampigia saluti, akaenda zake. Baadaye kidogo watu wote waliitwa uwanjani kwa nyimbo na dansi za chama, na kengele ya kuita ilikuwa ya kila mtu isipokuwa sisi wawili wa sale, asiyekwenda atajieleza.

Wageni waliingia. Sale ilijaa manukato. Mkubwa alikuwa kwenye kila kioo, kofia yake ya chui safu ya juu, kofia ya chui safu ya chini, na sauti yake inatoka kwenye kipaza sauti kilichowekwa mlangoni. Watu wakapiga makofi alipopiga makofi. Sitwayeni Mwepu akainama kwenye sikio la Tata Kalenga, lile zima.

“Sasa. Tembeza mukanda.”

Tata Kalenga aliinua simu ya tremi. Ililia kule peke yake. Akaiweka chini, akainua tena.

“Sitwayeni, asubui Banza alienda mu tremi. Mi sijue kama alitoka.”

“Bantu bote beko ku kiwanja.”

“Pengine. Mutume muntu aende kuangalia.”

“Mpaka arudi, hotuba itaisha. Tembeza.”

“Basi tufungule ile pagne kidogo, nione jetoni.”

Mwepu alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. Kushusha picha ya Mkubwa wakati Mkubwa anasema! Mimi nikasema, taratibu, kwamba hata tukiifungua hakuna kitu, jetoni ziko kwenye ndoo. Upande wa wageni makofi yaliendelea.

Nataka mjue jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa na mtoto mdogo nyumbani Kenya, kwenye mtaa wetu ule, siyo nchi. Nilijua jirani mmoja aliyechukuliwa kwa sababu ya redio iliyozimwa wakati mbaya, na mke wake aliyekuwa anazunguka maofisi na picha yake mkononi. Niliomba, kweli niliomba, Tata Kalenga abonyeze tu, na Banza awe uwanjani, na siku ipite.

Akanigeukia. Hakunyanyua sauti.

“Mama. Nipe tremi.”

“Kioo kimoja hakiwezekane, Tata. Ni byote.”

“Najua. Nipe.”

Mwepu akaniambia, “Sitwayene, usiguse hiyo kintu.”

Niliandika. Vidole vilijua njia kuliko mimi. Herufi, namba, kibonyezo cha kumalizia. Vioo vyote vikawa vyeusi kwa pamoja, safu ya juu na safu ya chini, na katikati ya giza hilo sauti ya Mkubwa iliendelea mlangoni, inazungumzia ushindi, bila uso. Nilingoja jibu. Hata wakati ule nilingoja jibu.

“Sawa,” nikasoma.

“Sawa,” akaitikia Tata Kalenga.

Picha zikarudi mahali pake. Mukanda umelala. Mataya yamefungwa. Na tremi: chuma, vumbi, koleo moja limeegemezwa ukutani. Tata Kalenga alisimama, akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama koo. Akatazama pembe zile zinazoficha mtu, moja moja. Nyuma yetu hakuna aliyepiga makofi tena.

“Hakuna muntu,” akasema.

Akarudi kwenye kiti chake, akapiga honi ya onyo, akabonyeza. Mukanda ukatembea kama walivyotaka. Nami nikamrudisha Mkubwa kwenye vioo vyote, kikiwemo cha tremi, na nilikosea herufi kwa mara ya kwanza katika kazi yangu. Sanduku likasema kosa. Nikaandika tena.

Banza alikuwa uwanjani tangu mapema. Jiwe lilikuwa dogo, alilisukuma kwa nondo bila hata kuingia, akaenda kucheza. Watu wanasema alicheza vizuri sana siku ile.

Kesho yake tuliitwa mbele ya kamati, Tata Kalenga na mimi. Mwepu alikuwa na macho mekundu, hakulala. Nadhani na yeye alikuwa ameulizwa na wakubwa zake. Nilisema mimi ndiye niliyeandika. Tata Kalenga akasema mama huyu anaandika anachoagizwa na mwenye mukanda, na mwenye mukanda ni yeye.

“Ulimutosha Mukubwa ku bioo byote,” Mwepu akamwambia, na kutosha kwetu ni kutoa. “Juu ya nani? Kwa ajili ya nani?”

“Juu ya Banza.”

“Banza alikuwa anacheza. Mu tremi uliona nani?”

“Hakuna muntu.”

“Kwa hiyo ulimutosha Mukubwa wa inchi juu ya hakuna muntu.”

“Ndiyo, sitwayeni. Juu ya kuona kama hakuna muntu.”

Enjenieri, ambaye alikuwa amekaa pembeni na alikuwa amejaribu kututetea, aliinamisha kichwa. Nafikiri kama Banza angeonekana mule ndani, hata amelala usingizi, tungetoka pale tukiwa mashujaa wa chama. Wangetupa medali na wangeipiga picha. Lakini tremi ilikuwa tupu, na kwa tremi tupu hakuna anayejua la kukufanyia isipokuwa adhabu.

Mimi walinirudisha ofisini kwa muda, kupiga mashine. Tata Kalenga walimwondoa kwenye mitambo kabisa, wakampeleka kuchunga mapipa ya mafuta kwenye depo, mbele ya Kasomeno, mahali ambapo hakuna mukanda wala kioo. Hakurudi tena Lubumbashi kikazi.

Banza alikuja kuniona ofisini mara tu aliposikia. Aliingia akiimba, kama kawaida.

“Mama Daktilo! Banasema mulinitafuta ku televizyo.”

“Tulikutafuta.”

“Na mi niko nacheza.” Akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. Akakaa kwenye kiti cha wageni na vumbi lake lote. “Na kama ningekuwa mule?”

Alilia, mtu yule mwenye kifua kama mlango, na mimi nikalia naye, na mashine ya kuandika katikati yetu.

Waliponirudisha sale, kwa sababu daktilo mwingine alikuwa anakosea herufi, jambo la kwanza nililoliona kwenye kioo cha tremi ni Banza. Alikuwa amesimama chini ya kamera, amevua kofia, anaonyesha uso. Alikaa hivyo mpaka nilipompigia simu kwamba nimemwona. Alipotoka akafanya tena. Wenzake wakamwiga. Ndiyo maana mpaka leo watu wa tremi wanavua kofia mbele ya kamera. Mnadhani ni salamu, na baadhi yenu mnawapungia mkono.

Nilikwenda kumtembelea Tata Kalenga mara moja, juu ya lori la mahindi, mgongo ukaniuma wiki nzima. Nilimkuta amekaa mbele ya mapipa yake na kofia ya majani. Alinikaribisha bukari, ugali wetu, na samaki wa Luapula. Hakuuliza habari za Mwepu, hakuuliza chama kinasemaje. Aliuliza kama sanduku la kijivu bado linajibu.

“Linajibu, Tata.”

“Na we unasikiliza?”

“Nasikiliza.”

“Bon,” akasema, akanisogezea kichwa cha samaki. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwonea uchungu, kwamba haikuwa haki. Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akasema samaki anapoa. Hatukuonana tena. Habari ya kifo chake ilinifikia wakati amekwisha kuzikwa, na siku hiyo hiyo niliomba ile rangi iliyobaki baada ya geti kupakwa.

Chama kilikwenda, Zaire ikaenda, kampuni ikagawanywa vipande, waya wa nyuzi tatu ukatolewa ukutani na sanduku la kijivu likabebwa na mtu wa vyuma chakavu. Mitambo mipya ni mizuri, sina neno. Inasema mambo mengi kwa rangi. Lakini wakati mwingine inakuonyesha picha ya asubuhi ukiwa mchana, na haikwambii, kwa hiyo bado mnapaswa kuuliza kama imejibu.

Siku yangu ya mwisho, Kapinga ndiye aliyekuwa kwenye zamu, yule msichana wetu mwenye haraka. Maua mlikuwa mmeyaweka mezani, soda zimefunguliwa, na mukanda ulikuwa unangoja kuanza. Aliniambia, kwa heshima, kwamba nibonyeze mimi, iwe ukumbusho. Nikamwambia bado.

“Nipe tremi.”

“Iko pale, mama.”

“Iko pale tangu asubui. Alijibu?”

Akasoma. “Alijibu, mama.”

“Kuko nani ndani?”

“Hakuna muntu.”

Soda zilikuwa zinapata joto na mlikuwa mnatazamana. Nilisimama, nikaenda mpaka kwenye kioo, karibu sana, nikatazama koo, nikatazama pembe moja moja. Chuma na vumbi. Hakukuwa na mtu. Niliona kile alichokiona Tata Kalenga, nikakitazama mpaka nikatosheka, ndipo nikarudi kwenye kiti chake nikabonyeza.